Namba Kwenye Bango

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi sauti wa filamu ya kutisha iliyopigwa ndani ya ghala bovu. Ili kuitangaza, mwongozaji, mtu wa vituko, alibandika mabango mji mzima: picha ya mwigizaji wao, neno "AMETOWEKA", na namba ya rafiki yangu.

Jioni moja umeme ulikatika akiwa studio na wenzake, simu ikaita, akaipokea kwa spika. Alikuwa mama mmoja.

"Kaka, binti yenu wa kwenye bango nimemkuta huku ghalani. Analia, anaomba fundi aje amvue maikrofoni."

Rafiki yangu akamkata jicho mwongozaji, akidhani ni kituko chake kingine. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba maikrofoni aliyomvisha mwigizaji kule ghalani haikurudi.

Kando yake gizani, mwigizaji mwenyewe wa bangoni akaacha kutafuna bisi.

"Mwambie amfungie hukohuko," akanong'ona.