Propela Isiyo na Mkwaruzo

Mashine ilinguruma, boti haikusogea. Mwenye boti alisukuma gia mbele, nyuma, mbele tena, kama mtu anayebishana na mlango uliofungwa.

"Inua tuone," mkewe alisema.

Propela ya chuma cha pua ilitoka majini ikimeremeta. Ilikuwa imegonga mwamba bila kupinda, kishindo chote kikapanda ndani na kusaga gia. Ya alumini ingepinda au kuvunjika bawa, nao wangefunga ya akiba pale pale, kama wafanyavyo wote wanaopita kwenye miamba ile. Lakini mwenye boti aliiona alumini kuwa ya kimaskini. Hata ya akiba aliishusha gatini, huku akiipapasa ile mpya kama shavu la mtoto.

"Haina hata mkwaruzo," alisema sasa. "Si niliwaambia?"

"Hongera, bwana wee. Shika kafi."

Wimbi liliwatupa ubavu kwenye mwamba mwingine. Kaka wa mke, mpaka rangi aliyeomba tu lifti kwenda kazini, alitoa mguu kuikinga boti. Boti ilipata ufa; mguu ukapondeka chini ya goti. Dada yake alichana mtandio, akaukaza juu ya jeraha.

"Damu imekatika?"

"Inapungua, dada. Maji yapo?"

Mwenye boti alikuwa amelipakata dumu. "Tuyabane," alisema, midomo yake imelowa.

Mkewe alimnyang'anya.

Mchana kutwa walikumba na kumwaga nje maji yaliyopenya kwenye ufa, jua likiwachoma visogo. Mpaka rangi alianza kutetemeka. Jioni boti ya wabeba mchanga ikawafikia.

"Hii haivutiki, inazama," nahodha wake alisema. "Mleteni mgonjwa, alale juu ya mchanga."

"Tuanze na mashine," alisema mwenye boti. "Propela ni mpya."

Mgonjwa ndiye aliyemjibu. "Ipakate, shemeji," alinong'ona. "Isije ikapata baridi."

Walimlaza. Mwenye boti alibaki akihangaika na skrubu za mashine, mpaka nahodha alipomvuta kwa ukosi wa shati.

Kabla ya kufika gatini, mkono wa mpaka rangi ulilegea ndani ya mkono wa dada yake.

Watu walikusanyika. Mwenye boti akaanza kuwaeleza jinsi chuma kile kilivyopiga jiwe na kubaki kizima. Mkewe alipita katikati yao akiwa ameshika kichwa cha kaka yake, akaenda na wabebaji wa maiti. Kwa mumewe hakurudi tena, hata kuchukua nguo.