Jina Alilonyamazia Mtoto

Skolastika alipombeba mwanawe alisikia harufu ya tumbaku shingoni mwa mtoto. Nyumba yao ya Bunda haikuwa na mvutaji, na mwaka ule wa foleni madukani hata sabuni ilikuwa anasa, sembuse tumbaku. Akamgeukia mama mkwe wake, Nyamburi, kwa mashaka.

Nyamburi ndiye aliyempa mtoto jina. Kwao kichanga akilia sana, hutajiwa majina ya wafu wa ukoo mpaka anyamaze. Analonyamazia ndilo lake. Huyu alinyamazia Burito, babu wa baba yake, mvuta tumbaku wa enzi zake. Ila bibi, kwa mazoea ya zamani, alitaja na cheo: Mtemi Burito. Serikali ilishafuta utemi, yaani uchifu, lakini ukoo haukukitupa kigoda cha mtemi. Kilikuwa chumbani, kimefunikwa gunia la pamba.

"Kwetu cheo hakikaagi kwa watu wawili," mumewe, Leodgar, alinong'ona. "Mrithi akipatikana, baba anakufaga. Burito alirithi hivyo, na baba yake hivyo hivyo."

Leodgar akaanza kukonda, akawa wa kulala tu. Mchana, wengine wakiwa uani, kigoda kilisikika kikiburutwa taratibu kuelekea kitandani kwake, kikitulia akikohoa, kikianza tena akinyamaza, na Skolastika, amembana mtoto kifuani, akaamini kabisa kwamba mama mkwe alikitaja kile cheo makusudi, ili heshima ya zamani irudi hata kwa kumzika mwanawe wa kumzaa.

"Mama, ulikusudia?"

"Mwanangu yule, Skola. Nimuue ili iweje?"

Wakamwita Kwangu, mganga wa Butiama.

"Kigoda hiki kina jini," alisema. "Linamshika anayeitwa mtemi. Mtajieni mtoto majina upya, bila cheo."

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akaja kunyamazia Ryoba, jina la ukoo wa mama yake. Shingo ikabaki na harufu ya maziwa tu. Skolastika akamwomba mama mkwe radhi, wote wawili wakilia kwa furaha.

"Limetoka kwa mtoto," Kwangu alisema, akafunga mkoba wake. Hakusema limekwenda wapi.

Jioni Leodgar aliamka mwenyewe, akala ugali akamaliza. Baadaye walimkuta chumbani, ameketi juu ya kigoda.

"Baba Ryoba," Skolastika alimwita. Hakuitika.

Nyamburi akajaribu kwa sauti ndogo. "Mtemi?"

"Naam."

Harufu ya tumbaku ikajaa chumba. Leodgar akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Huyu anayengoja nife," akauliza, "ni mtoto wa nani?"