Hesabu ya Vidonda vya Miguu

Usijifanye hukuwepo. Ulikuwepo msibani, ukakaa, ukala. Ulimsikia msemaji akitangaza kila mkeka na kila boksi la samaki wa kopo vilivyoletwa kama rambirambi. Nani alitangaza kilichomuua marehemu? Hakuna. Nawe hukuuliza. Miaka thelathini hapa Savaii, kisiwani Samoa, tunazika hivyo hivyo.

Iosua ni mkulima wa taro, yaani magimbi, ana ugonjwa wa sukari. Jumatatu alikanyaga tumbawe. Kidonda hakikumuuma, basi alikifunga kitambaa akaenda shambani. Ijumaa kikaanza kunuka.

"Baba Sina, twende hospitali," alisema mkewe, Fetuao.

"Nikakatwe mguu? Kaka yangu alikwenda na miwili, akarudi na mmoja. Kisha tukamzika."

Fetuao akamwita jirani yao Makerita, wa kamati ya wanawake. Kamati hiyo hukagua vyoo na kupima watoto uzito. Mwaka huu Makerita alipita nyumba zote arobaini na mbili na swali jipya. Katika miaka kumi, nani mwenye sukari alipata kidonda cha mguu? Alikaa siku ngapi kabla ya kwenda hospitali?

Alikuja na daftari lake.

"Karibu, mpelelezi," Iosua akamtania. "Umeshaniandika na mimi?"

"Nimekuachia mstari, shemeji. Upande utachagua mwenyewe." Akafungua. "Watu kumi na tisa walipata vidonda. Kumi na mmoja walikaa mwezi au zaidi. Tisa kati yao walikatwa mguu."

"Si nilisema!"

"Ngoja basi! Wanane walikwenda ndani ya wiki ya kwanza. Mmoja alikatwa kidole, sikufichi. Wote wanatembea. Peniamina juzi kakutoa jasho kwenye kriketi."

"Peniamina? Yule naye alikuwa na kidonda?"

"Ndiyo. Waliokatwa mnawaona. Waliopona hamuwahesabu."

Iosua akautazama mguu wake. Kisha akauliza taratibu, "Na kaka yangu?"

"Wiki saba, shemeji. Alibandika majani, akaona haya kusema."

Fetuao alikwisha kushika mkoba.

"Daftari langu ni la kijiji kimoja tu," Makerita aliongeza. "Ukifika, muulize daktari: utanifanyia nini? Nikikataa itakuwaje? Kuna njia nyingine? Usitoke hujajibiwa."

Walipanda basi la mchana. Iosua aliuliza yote matatu. Daktari alijibu, akasafisha kidonda, akampa dawa, akapanga siku za kurudi. Iosua hakukosa hata siku moja. Baada ya wiki sita kidonda kilifunga. Mguu anao, na taro analima, ila sasa kwa viatu.

Wewe mwenye sukari, vua viatu. Sasa hivi, si kesho. Tazama nyayo, tazama katikati ya vidole. Usingoje maumivu, maana sukari hutia miguu ganzi. Ukiona kidonda, funga kitabu hiki. Nenda zahanati leo!