Kibodi ya Marehemu Kaka

Jioni ile nilikwenda ukumbini mapema kuunganisha nyaya, kazi yangu ya kila siku ya ufundi sauti. Ila kwenye kompyuta ya Mkavu, mwanamuziki wa usiku ule, nilichomeka kibodi ya marehemu kaka yangu. Chini ya vitufe nilikuwa nimenyunyiza udongo wa kaburi lake.

Muziki wa akina Mkavu ni wa kuandika. Mtu anakaa jukwaani, anaandika amri, kompyuta inapiga, na kila herufi inaonekana ukutani. Sharti ni moja: uanze na ukuta mtupu, ubuni papo hapo. Mkavu alisifika kwa hilo. Uongo mtupu! Kila mstari aliukariri kutoka daftari la kaka, jasho la miaka sita, na kaka alikufa akiliulizia. Nilimchukia Mkavu mpaka chakula kikawa hakishuki.

"Umejiandaa?" nilimuuliza kutoka mezani kwangu, kando ya jukwaa.

"Mimi? Nakuja mkavu, dada, bila kuandaa kitu."

Haya. Siku za mwizi arobaini.

Aliandika mstari wa kwanza. Ngoma ikalia... halafu ikakohoa. Kikohozi kile cha kaka nilikisikia miezi minne, kutoka chumba cha pili.

Harufu ya udongo mbichi ikapanda.

Vidole vyake vilikwenda, lakini ukutani yakatoka maneno mengine: DAFTARI LANGU LIKO WAPI?

Watu wakashangilia, wakidhani ni mbwembwe. Mkavu akafuta. Yakarudi. Akataka kuinua mikono, haikuinuka. Vidole vikagonga, vikagonga, hadi kucha zikachanika.

"Dada," alininong'oneza, "zima."

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nilifurahi, sifichi.

"Si unabuni? Buni."

Akaangua kilio. "Nisamehe! Sikuiba! Nilipewa!"

Vidole vikatulia. Kisha vikaandika, herufi moja moja.

NANI ALIKUPA?

Nikabonyeza swichi. Ukuta haukuzimika.

Mkavu aligeuza kichwa. Alinitazama tu, na ukumbi mzima ukafuata macho yake.

Ni mimi. Nilimwazimisha daftari kwa siku moja tu, kaka akiwa hospitali, kwa sababu Mkavu aliniita mrembo; hakulirudisha. Kaka alipouliza, nilimwambia limeibwa.

Kiti kikamtupa Mkavu chini. Kibodi ikabaki peke yake, ikigonga bila mtu.

MDOGO WANGU, NJOO UKAE.

Nilishika meza kwa mikono yote miwili. Miguu ilikuwa imeshaanza kutembea.