Zamu ya Mtu Mmoja

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hata hajavua mtandio, mpanga zamu wa kiwanda cha mikate alifungua programu ya mishahara akaliona jina lake mahali ambapo hakuliweka.

Ijumaa ya wiki hiyo ingekuwa sikukuu. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa ameihangaikia: kuitia tarehe kwenye kalenda ili mashine isimkate mtu siku yake, kuwapumzisha wa ofisini wote, kuwabakiza waokaji kumi na wawili wa kulipwa mara mbili, maana watu hula mkate hata siku ya sikukuu. Jina lake alilitia kwenye mapumziko. Sasa lilisimama kwenye mstari mpya kabisa: ofisi, saa mbili hadi saa kumi, mtu mmoja.

Alikwenda kwa meneja mbio mbio.

"Mama Zamu, ratiba ikishafungwa imefungwa," meneja alimwambia. Ndivyo walivyomwita kiwandani, ingawa mtoto hana. "Nikiifungua, mishahara ya watu wote inakwama. Na wewe si ulikuwa unaziomba mwenyewe hizi sikukuu?"

Kweli aliziomba. Miaka saba, kabla hajaolewa, hakukosa hata moja. Chumba cha kupanga ni kichungu siku ambayo kila jirani ana wageni. Afadhali ofisini, ajimiminie chai, avisimulie viti vitupu habari zake zote, hata zile ambazo dada yake hakuzijua. Lakini sasa alikuwa na mume wa miezi minane, fundi seremala, mtu wa maneno machache na mikono ya dhahabu. Sikukuu zilikuwa zao.

Ijumaa akaenda kazini kwa shingo upande. Waokaji walikuwa ng'ambo ya ua. Ghorofani alikuwa peke yake. Saa sita mchana, jua likiwa limejaa dirishani, alisikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa kwenye meza ya mhasibu, taratibu, kimoja kimoja. Aligeuka. Kiti cha mhasibu kilikuwa kimevutwa nyuma, kana kwamba mtu amekikalia. Ikamjia harufu ya marashi mazito, ya mtu aliyejipamba kwa ajili ya mtu.

Jioni mumewe alimkaribia mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

Sikukuu ya pili ilipokaribia, Mama Zamu alipanga ratiba akaikagua mara tatu. Kulipokucha, mstari ule ulikuwa umerudi, na ratiba imefungwa. Akamwita fundi wa kompyuta.

"Kila badiliko lina jina la aliyelifanya," fundi alisema, akishusha orodha. Kisha akacheka. "Kumbe ni shemeji! Umempa neno lako la siri?"

Kwenye kioo palikuwa na neno moja: *Mume*.

Alicheka naye, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Nyumbani, mumewe alikuwa akipiga msasa mguu wa meza. "Kiwanda kina watu zaidi ya mia," alisema bila kuinua uso. "Ni wewe tu unayejua kukaa ofisini sikukuu?"

"Ni mashine, mume wangu. Inabadilisha yenyewe."

"Mashine haimpaki mtu marashi."

Usiku ule walilala wamepeana migongo.

Siku ilipofika, hakuwa amekaa kitini hata robo saa, marashi yakaja kabla ya sauti, yakamzunguka polepole kama mtoto anavyofunikwa shuka, na vitufe vya meza ya mhasibu vikaanza kugonga, kisha vya meza ya pili, kisha vya meza zote, vikigonga pamoja kama mvua juu ya mabati, hadi vikanyamaza kwa mpigo mmoja, na pumzi ya moto ikamgusa kisogo, na sauti ya kiume, laini, ikasema, "Umechelewa dakika nne."

"Nani wewe?" alinong'ona.

"Niliyekaa nawe miaka saba. Wenzako wote walikwenda kwa waume na wake zao. Mimi nilibaki nikakusikiliza. Leo unaniuliza mimi nani?"

Hofu ilimshika, lakini chini ya hofu palikuwa na jambo alilolionea aibu: alitamani iseme tena.

Ndipo viatu vikasikika ngazini. Mumewe alikuwa amemfuata. Alikuwa ameisikia sauti ya mwanamume. Alishika fremu ya mlango ili aingie, na mlango ukajifunga wenyewe, kwa nguvu ya watu kumi, vidole vyake vikiwa katikati. Ukelele wake uliwafikia waokaji.

Vitatu vilivunjika. Hospitali walimwambia asishike randa miezi minne.

"Nilidhani una mtu," alimwambia mkewe, macho yamejaa machozi. "Afadhali ingekuwa mtu."

Shangazi yake Mama Zamu alikuwa mtoa majini. Jumapili, kwa ruhusa ya meneja, alipanda ngazi za ofisi na chetezo cha ubani, akamkalisha Mama Zamu katikati ya chumba, mumewe akitazama kando, akasoma kwa sauti ya chini. Moshi ulipomfikia puani, Mama Zamu alitikisika, na kinywani mwake ikatoka sauti isiyo yake.

"Huyo mumewe ndiye mwizi," ilisema. "Mimi nilimpenda kwanza."

"Mwanadamu huyu ana mumewe," shangazi akajibu. "Toka."

"Nipeni sikukuu tu. Siku nyingine zote achukue yeye."

"Hata moja hupati. Toka!"

Kisha ikasema, kwa upole, "Basi mwulizeni mwenyewe. Akinifukuza naenda. Yule binti wa mapokezi naye anaishi peke yake."

Shangazi alimshika mabega. "Mwanangu, unasikia? Sema 'nenda'. Neno moja tu."

Neno lilikuwa jepesi, lakini halikutoka. Si kwa woga. Alimwona binti wa mapokezi, na shingo yake ndefu, akiambiwa maneno yale yale, na kitu kikamchoma kifuani kama sindano ya moto. Alimtazama mumewe, na mkono wake uliofungwa bandeji.

"Nenda," alisema.

Dirisha liligongwa mara moja, marashi yakakatika. Shangazi alimkumbatia. Mumewe akalia.

Miezi miwili ikapita salama. Sikukuu ya tatu ilipokaribia, Mama Zamu alikuwa amepumzishwa pamoja na wote. Siku yenyewe asubuhi, mumewe akichemsha chai kwa mkono mmoja, alifungua ratiba kwenye simu, kuhakikisha tu. Ofisi, mtu mmoja: binti wa mapokezi.

Alimpigia papo hapo. "Usije kazini leo, mdogo wangu. Baki nyumbani."

"Ahsante, dada! Hata mimi nilishangaa. Halafu jana ofisini kulinukia vizuri..."

Alikata simu kabla binti hajamaliza. Kisha akaingia kwenye ratiba kwa neno lake la siri, akaikuta safari hii haijafungwa, akalifuta jina la binti, akaandika la kwake.

"Unakwenda wapi?" mumewe aliuliza, birika mkononi.

"Kumwokoa mtoto wa watu," alisema, na akarudi chumbani kubadilisha gauni, akachagua lile la harusi ya dada yake.