Kichwa Kisicho na Honi

Nilitumwa kifurushi, kama mtoto.

Jua lilikuwa linazama. Mwanangu alikuwa mezani kwake, vidole vimegandana kwa gundi, anaongea bila kuinua uso. "Mama, niendee pale ofisi ya mizigo kabla hawajafunga. Honi imefika."

"Honi ya gari gani, na gari huna?"

"Mama, bwana!"

Mke wake akacheka kule jikoni, tumbo limemtangulia. "Mwambie mama ukweli. Ulinioa mimi kwanza, ukaja kuongeza kichwa cha treni."

Kichwa chenyewe kilikuwa na urefu wa mwiko. Kilikuwa mfano wa kile cha dizeli alichoendesha baba yake, kilichoacha reli kwenye kona ya mto, kikazama naye. Chuma chake kilikatwakatwa zamani, kikauzwa chakavu. Na katika hivi vidogo vya dukani, hakuna kiwanda kilichowahi kukipatia. Hiki kimeweka pua fupi. Kile kimepatia pua, kikakosea magurudumu. Basi mwanangu hununua vya hawa na vya wale, anavikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, anaunganisha: pua ya huku, kiuno cha kule, magurudumu ya watu wengine kabisa, ngazi akazikunja mwenyewe kwa waya. Ukitazama huoni kiraka.

"Kikibaki na kosa hata moja, mama," husema, "si cha baba."

Nilimwacha. Tangu tulipomzika mume wangu, kifua changu kilikuwa kama mguu uliokaliwa. Ganzi. Nilikula, nilifagia, nilicheka wenzangu wakicheka. Basi.

Nikajitanda mtandio, nikatoka.

Pale dirishani pa mizigo hukaa dada mmoja, maneno yake hayaishi. Jioni ile hakuwepo. Taa ilikuwa imezimwa. Nyuma ya nondo alisimama mwanamume, kofia imemshukia mpaka puani.

Harufu ilinifikia kwanza. Dizeli... na breki zilizoungua.

"Nimefuata..."

Hakuniuliza jina. Mkono ulitoka, mweusi kwa grisi, ukaweka kifurushi juu ya ubao. Kilikuwa cha moto.

"Mwambie apige moja tu," akanong'ona.

"Wewe mgeni hapa?"

"Wa zamu." Akavuta pumzi, nayo ikagugumia kama ina maji ndani. "Zamu ndefu, mama..."

Nilipaswa kukimbia. Sikukimbia. Njiani nilichokumbuka ni kwamba sikununua vitunguu.

Nyumbani, kichwa kilikuwa juu ya kipande chake cha reli, chini ya taa. Mkwe wangu alikuwa amejiziba pua. "Nani amemwaga dizeli humu?"

Mwanangu alifungua kifurushi kwa kibano. Honi ilikuwa ya shaba, ndogo kama punje ya mchele, mdomo wake mweusi kwa moshi.

"Hee! Mpaka masizi wamepaka! Hawa watu wanajua kazi."

Niliinama nitazame. Kwenye dirisha la dereva kulikuwa na kiwiko.

"Mwanangu, humu umemweka nani?"

"Sijaweka mtu, mama. Wa kuenea humo sijampata bado."

Kiwiko kilikuwa kimetoka nje ya dirisha. Mkono wa shati umekunjwa, tena vibaya, kama alivyokuwa akiukunja baba yake kila siku nami nikimkunjulia.

Hapo nikakumbuka. Marehemu alikuwa akirudi usiku, buti mkononi asiwaamshe watoto, nami namngoja na mdomo wangu. "Chakula kimelala, nawe ukalale!" Naye ananiambia taratibu: "Mama watoto, dereva haachi kichwa mpaka apatikane wa kumpokea. Anayepokea hupanda, hukaa, hupiga honi moja. Hapo ndipo nashuka. Asipokuja mtu, hata nikifa nimekaa pale pale."

Tulikuwa tukicheka.

Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Tki... tki... tki...

Reli ya mtaa wetu iling'olewa zamani.

"Ina tundu kweli," mwanangu alikuwa anasema, ameishika honi mbele ya taa. "Kabla sijaibandika, hebu niisikie." Akaipeleka midomoni.

Ndani ya dirisha lile, uso mdogo ukageuka.

Ukanitazama mimi.

"Baba watoto," nikanong'ona, "huyu ana mke. Ana mtoto njiani."

"Nimechoka."

Hilo tu. Sauti ya mtu aliye chini ya maji. Mwanangu hakuisikia. Alikuwa anajaza mashavu upepo.

Nikampokonya. Msiniulize kama ni mapenzi yalinisukuma, sijui. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kuepua maziwa yanayofurika. Nikaitia honi mdomoni mwangu.

Nikapuliza.

Moja.

Haikuwa sauti ya kitu cha ukubwa wa punje. Kioo cha dirisha kilipasuka. Mkwe wangu alikaa chini, ameshika tumbo. Kisha vikombe vikatulia... Kiwiko hakikuwepo tena. Wala honi haikuwepo. Ilibaki ladha ya shaba kwenye ulimi.

Asubuhi nilirudi kwenye mizigo. Dada alikuwepo, maneno yake yote yapo. "Jana nilifunga mchana, bibi, jino lilinitesa! Kifurushi chenu hiki hapa, nashangaa hamjakifuata."

Kilikuwa kidogo. Cha baridi.

"Kirudishe kilikotoka."

"Bibi! Si mmeshakilipia?"

"Kirudishe, mwanangu."

Mjukuu alizaliwa salama, ana sauti kama king'ora. Kichwa kiko kabatini, na juu ya paa lake kuna tundu pale ilipokosekana honi. Mwanangu anamsuta mke wake kwamba amechomeka sanamu kwenye kiti cha dereva, kibibi kilichojitanda mtandio. Mke anaapa si yeye. Mimi sijaenda kutazama. Mikono yangu inanuka dizeli, nimesugua kwa sabuni mpaka nimechoka kusugua. Juzi nilishika sufuria motoni bila kitambaa. Sikujua, mpaka niliposikia harufu ya ngozi.

Sina hofu, wala sina uchungu. Nina hili moja tu kichwani: yeye alikuwa mwanamume wa chuma, akachoka. Nami nitachoka, nitataka wa kunipokea.

Jana jioni mwanangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, anapunga upepo, kiwiko nje, shati limekunjwa vibaya.

"Toa mkono dirishani," nikamwambia.

"Kwani una nini, mama?"

"Utoe tu."

Akacheka, akautoa. Nikaendelea kuchambua mchele. Nilipoinua macho, mkono ulikuwa umerudi.