Nilitema Pombe ya Mzee Salvatori

Nina miaka arobaini na nne, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Naishi mtaa wa Ngagara, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Wasomaji wenzangu, sijaiba, sijaua... Lakini chini ya paa langu kuna mtu anayeamka kila siku na moyo uliovunjika, na aliyeuvunja ni mimi. Kwa mdomo wangu huu!

Mtu huyo ni mdogo wangu wa kike, Spès. Wazazi wetu walipofariki alikuwa na miaka tisa, nikamlea. Nilikuwa namsuka nywele mwenyewe, vibaya mpaka wenzake shuleni wakamcheka. Ananiita kaka, lakini amenitii kama baba.

Nianzie wapi? Nianzie kwenye gofu.

Nafanya kazi katika kampuni moja ya bima mjini. Mkubwa wetu, tunayemwita Shefu, ni mwanachama wa klabu ya gofu. Mwaka juzi alianza kutualika siku za Ijumaa baada ya kazi. Kwanza gofu ya kirafiki, ya watu wasiojua kitu. Unapewa fimbo, unapiga kampira, kanaingia mtaroni, na watu wanakupigia makofi hata hivyo. Jua likianza kushuka mnakaa barazani kuonja divai.

Nilipenda! Kwa nini nidanganye? Mimi mtoto wa tarishi, nimeshika glasi yenye mguu mrefu, naongea na wakurugenzi! Mama mmoja aliyesomea mambo ya divai ndiye aliyetufundisha. Unazungusha glasi, unaingiza pua, unavuta kidogo mdomoni, unasukutua, halafu unatema kwenye ndoo ndogo iliyo mezani. Kutema si ubaya, alisema, ni ustadi, maana anayemeza kila kitu atalewa kabla ya chupa ya tatu. Kisha anakuuliza unasikia harufu gani, nawe huruhusiwi kunyamaza. Mmoja atasema matunda, mwingine udongo uliolowa mvua. Siku moja mimi nilisema harufu ya sanduku la bibi, na Shefu akanipiga bega kwa furaha. Wiki nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Nyumbani nikawa kero. Nilinunua glasi sita za mguu mrefu. Nilinusa chai, nilinusa hata mchuzi wa ndagala, visamaki vyetu vya ziwani! Mke wangu, Konsolata, aliniambia kwamba anayemuiga tembo kunya hupasuka msamba. Nilicheka tu.

Wakati huo Spès alikuwa amepata mchumba, Dieudonné, fundi magari wa Cibitoke. Kijana mpole, mikono myeusi kwa grisi, na alimpenda mdogo wangu mpaka ilikuwa raha kumwangalia. Alikuwa yatima kama sisi. Aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Salvatori, anayetengeneza pombe ya ndizi, urwarwa, na kuiuza Mutakura.

Juma moja kabla ya siku ya mahari, Spès alinifuata uani. Akanieleza kwamba zamani jirani mmoja alikunywa kwa Mzee Salvatori jioni, asubuhi akafa. Madaktari walisema ni ini, tena ugonjwa wa siku nyingi. Lakini kwetu mtu akifa baada ya kunywa, nani anauliza habari za ini? Watu walinong'ona sumu. Ilimchukua mzee miaka kuwarudisha wateja wake.

"Mi nakuomba kitu kimoja tu, kaka," aliniambia. "Muzee akikupatia pombe yake, we kunywa. Kunywa mbele ya watu wote, umalize. Anaogopa sana ile siku."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimuahidi!

Kama hujui mila zetu, sikiliza. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ujue hakina kitu. Nawe ukipokea unakunywa. Hunusi wala huulizi. Kunusa kinywaji cha mtu ni kumwambia usoni kwamba ni mchawi. Hilo nalijua tangu utotoni, hata sikumbuki nani alinifundisha.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri. Tulifunga turubai uani, viti vikapangwa, familia mbili zikakaa zikitazamana. Mimi nilikuwa mkubwa wa familia ya binti. Na nani alikaa mstari wa mbele, upande wetu? Shefu! Nilimwalika mwenyewe, ili aone kwamba nasi ni watu.

Maneno yalikwenda vizuri, mizaha kwa mizaha, mpaka chungu cha urwarwa kikaletwa katikati. Mzee Salvatori alisimama na koti lake la zamani lililopigwa pasi. Akainama, akavuta kwa mrija, akameza, akainua uso na kutabasamu kwa watu wote. Kisha akanikabidhi mrija.

Mjinga mimi... nikaagiza glasi! Nilitaka Shefu aone. Konsolata alinikata jicho, nikajifanya sikumwona. Pombe ikamiminwa kwenye glasi ya mguu mrefu, na mkono wangu ukaanza kuizungusha. Pua ikaingia. Nikavuta kidogo, nikasukutua, nikageuka kando nikatema kwenye beseni la kunawia mikono.

Haki ya Mungu, sikukusudia! Ilikuwa mazoea ya Ijumaa, mwili ulifanya wenyewe. Lakini watu wote chini ya turubai waliona.

Shefu peke yake ndiye aliyecheka. Akaniuliza kwa sauti, kama tunavyoulizana klabuni, nasikia harufu gani. Nami nikafungua kinywa: "Ina harufu..." Nilikuwa natafuta jina la tunda. Wallahi nilikuwa natafuta jina la tunda!

Sikulipata. Shangazi mmoja nyuma yangu akadakia, "Ina harufu!" Neno likapita kiti hadi kiti, mpaka getini.

Mzee Salvatori alinitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mutoto wangu," alisema, "umesikia nini mu pombe yangu?"

Pale ndipo mlango wangu wa kutokea ulipokuwa. Ningepiga magoti, niseme nisamehe, Mzee, nimeleta michezo ya klabu kwenye chungu chako, kisha ninywe mpaka chini. Watu wangenicheka, siku ingeendelea. Lakini nilimtazama Shefu, nikaona haya. Kuonekana mshamba mbele yake, na limbukeni mbele ya wageni, kwa wakati mmoja? Nilishindwa.

"Apana, Muzee," nikasema, "ni tumbo langu tu."

Tumbo! Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Watu walisikia nini? Kwamba nimeshaanza kuumwa! Mama mmoja alipiga kelele nipewe maziwa.

Wageni waliondoka bila mahari kupokelewa. Dieudonné alimshika baba yake mkubwa mkono kama anayemvusha barabara. Chungu kikabaki katikati, na hakuna aliyekigusa mpaka wanawake walipokwenda kukimwaga nyuma ya choo.

Sasa nawaambia dhambi yangu yenyewe, maana hiyo niliyosimulia ilikuwa upumbavu tu. Siku ileile Spès aliniuliza niliona nini ndani ya pombe. Nikarudia uongo wa tumbo. Naye akaniamini! Kaka yake aliyemlea angemdanganya kwa nini?

Dieudonné alipompigia simu kuuliza kwa nini tumemdhalilisha mzee wake, mdogo wangu alinitetea. Nilikuwa sebuleni, nasikia kila neno. Alimwambia, "Kaka yangu hawezi kutema bure. Tumbo ilimuuma kweli. Uliza kwenu waliweka nini." Nikaendelea kuangalia televisheni! Simu ikakatika, na uchumba ukakatika nayo.

Miezi minne nilikaa na jambo hilo kifuani. Habari zikatufikia kwamba Mutakura wateja wa Mzee Salvatori wamemkimbia tena, mitungi yake imekauka. Spès alikonda. Mimi klabuni sikukanyaga tena, lakini hilo lilimsaidia nani? Mwishowe Konsolata, aliyenijua vizuri, akaniambia: utamwambia wewe, au nimwambie mimi?

Nilimkuta Spès anachagua maharage. Nilimweleza yote, ya glasi, ya Shefu, ya tunda. Hakulia. Aliendelea kuchagua maharage mpaka nilipomaliza, halafu akauliza, "Na siku ile naongea kwa simu, kaka, ulikuwa unasikia?" Nikasema ndiyo. Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda Mutakura. Nilisimama mbele ya majirani wa Mzee Salvatori, nikasema kwa sauti kwamba mimi ni mwongo na pombe yake haikuwa na kitu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe. Kisha akamwita mkewe aniletee kinywaji, maana mgeni haondoki hivihivi. Nikajua italetwa urwarwa, nami nitakunywa nimalize. Ikaletwa soda ya dukani, na kifunguzi.

"Imefungwa bado," alisema. "Fungua mwenyewe."

Siku hizi anampa hivyo kila mgeni. Nilikunywa nikilia, mbele ya watu wote.

Nilimuuliza kuhusu Dieudonné. Akanijibu kwa upole kwamba kijana ameshapeleka mahari kwingine, mwezi uliopita.

Spès bado yuko nyumbani kwangu. Ananisalimu, anacheka na watoto, anafua, anakwenda kazini. Mara moja tu alinigusia. Alisema, "Ungelisema palepale, kaka, mi leo ningekuwa na nyumba yangu."

Ndugu zangu, divai haina kosa, na gofu haina kosa. Aliyekosa ni mimi niliyeona haya kuitwa mshamba. Ukiteleza mbele ya watu, nakuomba, sema palepale, kabla hawajainuka kwenye viti. Watakucheka, ndiyo. Waache wakucheke! Mimi hawakunicheka, na aliyelipia ni mdogo wangu.